Mchezo Ukijengeka, Bado Hujamaliza

Ukisema unataka kuanza kutunza poti (maelekezo ya kujenga programu kutoka msimbo wake na kuisakinisha) kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD, huenda ukashauriwa uchukue mchezo, kwa hoja kwamba mchezo ukiharibika hakuna seva ya mtu itakayoanguka. Ni kweli, ila usidhani kazi yenyewe ni nyepesi. Programu nyingi nyingine huja na majaribio yake. Unayaendesha, yakipita unalala. Michezo mingi ya zamani haina hayo. Utajengeka vizuri, utafunguka, utaonyesha picha ya kwanza, kisha utakufia hatua ya tatu kwa sababu sauti ya adui fulani haikuingia kwenye kifurushi. Kwa hiyo chagua mchezo unaoucheza mwenyewe. Ushauri huo nauweka mbele hata ya kuijua lugha ya C.

Kusasisha kwenyewe, mtu akikusimulia, ni jambo la dakika chache. Unabadilisha DISTVERSION (namba ya toleo) ndani ya Makefile, faili kuu la poti, unaondoa PORTREVISION (hesabu ya marekebisho ya poti yenyewe) kama ipo, unaendesha `make makesum` ili faili la distinfo lipate SHA256 (alama ya kuthibitisha faili lililopakuliwa) na ukubwa mpya, kisha unajenga ndani ya poudriere, zana ya kujengea poti katika mazingira safi, ambako hakuna maktaba uliyoisakinisha zamani ukaisahau. Balaa zinakaa katikati ya hatua hizo.

Chukua namba za matoleo. Waandishi wa michezo midogo hupenda kutumia tarehe, mfano 20190412. Siku wakiona mchezo umekomaa wanauita 1.0 na kushangilia. Sasa andika `pkg version -t 20190412 1.0` uone: unajibiwa `>`, yaani la zamani ndilo kubwa. Aliyesakinisha lile la tarehe hataletewa 1.0, na wala hataambiwa. Dawa yake ni PORTEPOCH=1, namba inayoangaliwa kabla ya namba ya toleo, lakini fikiri kabla ya kuiweka, maana ikishaingia haitoki wala haipunguzwi, hata mchezo ukifika 9.0.

Jambo la pili: alama ya SHA256 ikikataa kulingana ilhali toleo ni lilelile, usikimbilie `make makesum`. Kuna waandishi wanaorekebisha kitu kidogo na kupandisha faili kwa jina lileile, na kuna siku itakuwa si wao waliolibadilisha. Tafuta nakala ya zamani, ifungue kando ya mpya, uzilinganishe kwa `diff -r`. Tofauti ikiwa ni picha moja, sawa. Ikiwa ni hati ya kujengea iliyoongezewa mistari isiyoeleweka, simama hapo na umwandikie mwenye mchezo.

Halafu pkg-plist, orodha ya kila faili linalosakinishwa. Kwa mchezo wenye ramani, picha na sauti inaweza kufika maelfu ya mistari. `make makeplist` hukuandikia orodha, na mstari wake wa kwanza huwa `/you/have/to/check/what/makeplist/gives/you`. Umewekwa makusudi ili mvivu akwame. Usiufute tu ukaendelea, pitia orodha. Mara nyingi utakuta faili za Windows, michoro ghafi ya wasanii, au saraka nzima ya fonti ambazo mfumo unazo tayari.

Kikompaila, kinachogeuza msimbo kuwa programu, nacho kina mambo yake. FreeBSD inatumia kikompaila cha clang kama chaguo la kawaida tangu toleo la 10.0 la mwaka 2014, na kila clang mpya huja na ukali wake. Clang 11 iliacha kuvumilia kigeu kilichofafanuliwa ndani ya faili la kichwa linaloitwa na faili nyingi za C, na michezo ya zamani imejaa hayo. Clang 16 ikakataa kuita funksheni isiyotangazwa. Utashawishika kuweka bendera ya `-fcommon`, inayorudisha uvumilivu wa zamani, au kunyamazisha kosa kwa bendera nyingine. Kwa kosa la kwanza, bendera inavumilika ukiwa na haraka. Kwa la pili, hapana: funksheni inayorudisha pointa (anwani ndani ya RAM) ikidhaniwa inarudisha namba ya biti 32, mchezo utajengeka na kuanguka baadaye, mahali usipopatarajia. Andika kiraka cha mstari mmoja kinachotangaza funksheni, umalize.

Tafuta pia `-march=native`, bendera inayojenga kwa ajili ya prosesa ya mashine hiyo, kwenye hati za kujengea. Waandishi wa michezo wanaipenda kwa ajili ya kasi. Kwenye mashine inayojengea watu wote vifurushi ni sumu, kwani mwenye prosesa ya zamani atafungua mchezo na kufukuzwa papo hapo na SIGILL, kosa la amri ambayo prosesa haiijui. Na kama unaweza kupata mashine ya aarch64 (ARM ya biti 64), jaribu humo. Huko aina ya data ya `char` haina alama ya hasi, hivyo ramani inayotumia -1 kumaanisha "hapa hapana kitu" inasoma 255, na mchezaji anatembea ndani ya ukuta.

Lakini kitakachokuletea hasira za watu ni kumbukumbu za mchezo, yaani faili za mchezo uliohifadhiwa katikati. Mtu ana safari ya wiki kadhaa ndani ya NetHack, mchezo wa zamani wa kupita mapangoni. Hajali umesafisha Makefile kiasi gani. Kumbukumbu za 3.4.3, toleo la 2003, hazifunguki kwenye 3.6.0 la 2015, na ndiyo maana mti wa Ports, mkusanyiko wa poti zote, umekuwa na nethack34 na nethack36 kama poti mbili tofauti. Kabla ya kusasisha, cheza toleo la zamani, hifadhi, sakinisha jipya, fungua. Ikikataa, tenganisha poti au andika onyo kwenye pkg-message, ujumbe anaoonyeshwa anayesakinisha. Faili la alama za juu ndani ya /var/games nalo usiliingize kwenye orodha kama faili la kawaida, litafunikwa kila sasisho. Tumia `@sample`, inayonakili pale tu ambapo halipo.

Leseni nitaipitia haraka: soma ya msimbo, kisha soma ya picha na sauti, maana mara nyingi hazifanani. Msimbo wa mchezo wa Doom uko chini ya leseni huria ya GPL tangu 1999, ila ramani na picha zake za biashara haziko humo. Freedoom, yenye ramani na picha huria, ilitengenezwa kuziba pengo hilo. Leseni zikiwa mbili, weka LICENSE_COMB=multi na uzitaje zote.

Unapotuma kiraka kwenye Bugzilla, mfumo wa FreeBSD wa kupokea hitilafu na viraka, ambatisha rekodi ya ujenzi ya poudriere, taja matoleo ya FreeBSD na aina za prosesa ulizojaribu, na sema ulicheza hadi wapi: hatua gani, sauti ikiwa imewashwa au la, kumbukumbu ya zamani ilifunguka au la. Atakayeipokea huenda hajawahi kuusikia mchezo huo.