Jibu: Michezo ya Moroko mbali na soka

Ndugu, umeuliza kama Wamoroko wana mchezo mwingine wanaouthamini mbali na soka. Upo, nao ni riadha. Nawal El Moutawakel ndiye aliyeipatia Moroko dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 400 kuruka viunzi, Los Angeles 1984, na siku chache baadaye Said Aouita akatwaa ya mita 5,000. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hakuna mbio za Mmoroko zilizotia watu presha kama fainali ya mita 1,500 ya Athens 2004: katika mita za mwisho Mkenya Bernard Lagat alimfikia Hicham El Guerrouj na kumtangulia kidogo, kisha El Guerrouj akajikaza na kumshinda kwa sekunde 0.12.

Soka, bila shaka, bado ndiyo inayojaza viwanja. Klabu za Raja na Wydad za Casablanca hutumia uwanja mmoja, wa Mohammed V, na siku ya mechi ya watani hao wa jadi upande wa kusini, wa Raja, huwa kijani, wa kaskazini, wa Wydad, mwekundu, huku mashabiki wakitandaza picha kubwa zinazofunika jukwaa zima.