Ubongo wako haunakili faili

Nilipojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa mafunzo yangu ya programu, nilisoma daftari langu mara nne, mwanzo hadi mwisho. Niliamini ninachokisoma kinaingia kichwani na kutulia humo, kama faili kwenye diski. Siku ya mtihani likaja swali nililolijua. Ukurasa wake niliuona kabisa: kona ya juu kulia, mstari wa wino mwekundu, hata pale karatasi ilipokunjika. Maneno yenyewe hayakuja. Nikafeli.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na mfano huu wa ubongo na kompyuta, ingawa siutupi. Mwaka 1943 watafiti Warren McCulloch na Walter Pitts walionyesha kwamba seli za neva, zikichukuliwa kama swichi za kuwaka na kuzima, zinaweza kufanya kazi za kimantiki. Miaka miwili baadaye mwanahisabati John von Neumann alilitumia wazo lao alipoeleza muundo wa EDVAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo. Kwa hiyo hata kompyuta yenyewe ilizaliwa ikiutazama ubongo.

Na kuna mahali mfano huu unanifaa kila siku. Akili ina nafasi ya kufanyia kazi, na nafasi hiyo ni finyu: vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Ukiijaza, kimoja kinadondoka. Ndiyo maana kabla ya kazi nzito naandika pembeni yote yanayonizonga, hata ya kupiga simu. Jaribu, utaona kichwa kinavyopumua.

Ila ukifika kwenye kumbukumbu, uache mfano huu mlangoni. Faili ukilifungua mara mia, utakuta yaleyale. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapokumbuka, na inaweza kubadilika hapohapo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno la kubamizana walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno la kugusana. Mimi na kaka yangu hadi leo kila mmoja anaapa ndiye aliyeanguka kwenye ngazi tulipokuwa wadogo, na hakuna anayedanganya.

Kosa langu la kusoma lilitoka hapo, kudhani kumbukumbu ni faili. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima wakawapita. Zile dakika tano ndizo zilizokuwa zikinidanganya: ukitoka tu kwenye kitabu unajiona umeiva.

Basi, fanya hivi. Soma kurasa mbili, funika daftari, chukua karatasi tupu uandike ulichobaki nacho. Utakwama, na inauma. Kaa hapo kidogo, uvute mwenyewe, ndipo ufungue. Rudia kesho, halafu baada ya siku kadhaa.

Na ulale, tafadhali. Kompyuta ukiizima, kazi imesimama. Ubongo ukilala unaendelea kuimarisha ulichojifunza mchana. Usiku wa kuamkia mtihani wa marudio nilifunga daftari saa tatu, nikazima taa.