Beji ya eksirei iko msumarini, majibu siyaoni

SUALI: Assalaam alaykum dada. Nafanya kazi chumba cha eksirei huku Pemba, mwaka wa nne sasa. Beji za kupimia mionzi tunazo, lakini tukitoka kazini wengi tunaziacha zimebanwa kwenye aproni ya risasi (ile ya madini mazito yanayozuia mionzi), na aproni yenyewe imetundikwa msumarini mule mule chumbani. Zikishapelekwa kusomwa majibu sijayaona hata siku moja, nikiuliza naambiwa "yako sawa tu". Sasa nina mimba ya wiki 10 na roho inanidunda. Niache kazi? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na hongera, Mungu akujaalie ujifungue salama. Kazi usiache, ila mwambie mkuu wako leo leo, tena kwa maandishi, maana hapo hesabu inabadilika. Mfanyakazi wa mionzi kiwango cha kimataifa ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini) 20 kwa mwaka ukichukua miaka 5, na mwaka mmoja isizidi 50, lakini mtoto alie tumboni anahesabiwa kama mtu wa kawaida asiefanya kazi ya mionzi, milisiveti 1 tu mpaka uzae. Omba beji nyengine uvae usawa wa tumbo, ndani ya aproni, na isomwe kila mwezi.

Sasa huo msumari. Beji haikukingi na mionzi, ndani mna vijiwe vidogo vinavyoishika ile nguvu ya mionzi, maabara wakivipasha moto vinatoa mwanga na kwa mwanga ule ndo wanajua dozi, yaani kiasi cha mionzi ulichopata. Kwa hiyo ukiiacha pale halafu mwenzako wa shifti ya jioni akapiga picha wagonjwa 15, inaandikwa dozi yako na wewe uko kwenu unakaanga samaki. Ukiisahau nyumbani ndo kabisaa, unaandikiwa sifuri wakati mionzi umeipata. Ivae kifuani ukiingia, ukitoka iweke nje ya chumba, mbali na mashine.

Na hilo la "yako sawa" mimi silikubali. Namba ni yako na una haki ya kuiona, idai kwa mwezi na kwa mwaka. Wakizungusha, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndo wasimamizi wa mambo haya, waulize.

Ila roho itulie kidogo, anaepiga picha za kawaida akasimama nyuma ya kizuizi cha risasi kwa mwaka mara nyingi hafiki hata milisiveti 1, na mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki chumbani. Kazi za floroskopi, zile za eksirei inayoonesha picha mfululizo moja kwa moja, waachie wenzako kwa sasa. Na mtoto mgonjwa akikataa kutulia mezani, amshike babake kavaa aproni, sio wewe.