Maswali yenu kuhusu maita soo ya kubeba

Meseji nyingi za siku hizi ni za maita soo, hii mashine ya kukatia engo, na wengi mnaulizia ya kubeba kwenda nayo saiti, sio ya kukaa karakana. Yanayofanana nimeyaunganisha. Mi kazi zangu ni Arusha kwa hiyo mifano mingi ni ya huku, ila fundi wa Moshi naye atajikuta humu humu.

Nafanya kenchi na fasha bodi, nipo Sakina, usafiri wangu ni bodaboda. Nichukue ya inchi 10 au 12?

Kaka, hizo inchi ni upana wa bledi, kile kisu cha duara chenye meno, na kwa bodaboda ya inchi 12 achana nayo. Hizo za kuslaidi, yani kichwa chenye mota na bledi kinateleza mbele na nyuma juu ya reli, za saizi hiyo zinacheza kwenye kilo 25, DWS780 ya DeWalt ndo iko hapo hapo, na tatizo sio kilo tu, ni umbo lake, reli zimetokeza, kichwa kizito, ukiipitisha kila siku kwenye makorongo yetu engo zinaanza kulegea kabla hela yako haijarudi. Ya inchi 10 isiyoslaidi kama Makita LS1040 ina kilo 11 hivi, hiyo unapanda nayo ngazi mwenyewe bila kuita saidia.

Ila kabla hujakimbilia wepesi angalia unakata nini. Fasha ya 1x8 ni milimita 200, ya 1x10 ni 250, na inchi 10 isiyoslaidi inaishia kwenye 130 au 140 ukikata mraba, ukizungusha meza digrii 45 unabaki na 95 hivi. Hata 2x6 itakusumbua, maana 2x6 ya kwenye vitabu vya Wamarekani imesharandwa, ina milimita 140, ya kwetu inatoka kwenye msumeno ikiwa karibu 150, kwa hiyo muuzaji anakwambia inakata 2x6, na kweli imeandikwa kwenye boksi, halafu unafika saiti kila mbao inabaki na kaulimi pembeni unamalizia na msumeno wa mkono. Kwa kenchi za nyumba nzima huo ni usumbufu mkubwa.

Kwa kazi yako mi naona ndogo ya kuslaidi, ile ya milimita 216, yani inchi 8 na nusu. Bosch GCM 8 SJL kwa mfano ina kilo 17 hivi, inakata upana wa milimita 312 na kina cha 70. Fasha inapita yote, 2x6 inapita hata ukiwa kwenye 45. Nguzo ya 4x4 haipiti mara moja, unakata, unageuza, unamalizia, na kwenye kenchi 4x4 unakutana nayo mara chache. Itengenezee boksi la plaiwudi, kichwa kikiwa kimeshushwa na kufungwa na pini yake, na siku ya mzigo mkubwa chukua toyo, usiifunge na mipira nyuma ya pikipiki kama kreti la soda.

Nipo Majengo Moshi, nimeona mtumba safi sana, bei karibu nusu, ila plagi yake ni ya njano, ya duara. Si nabadilisha plagi tu?

Hapana ndugu yangu, usiguse. Hiyo ya njano ni mashine ya volti 110, Uingereza kwenye saiti za ujenzi wanatumia 110 kwa ajili ya usalama wa watu, na mitumba yao ndo inaingia huku. Ukiifunga plagi yetu ukaiwasha kwenye 230 itazunguka kwa fujo kupita spidi ya bledi yake, halafu utanusa tu, mota imekwenda. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120, hadithi ni ile ile. Usiangalie plagi, plagi watu wanabadilisha kabla hujafika, soma kibati kilichogongwa ubavuni kwenye mota, unataka kuona 220 mpaka 240. Hizo hertz za 50 au 60 zisikutishe sana, mota za kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota na kulika taratibu, hazijali hertz, zinajali volti.

Kuna watakaokwambia ununue transfoma ya kushusha. Inawezekana, ila kwa mashine ya wati 1600 unahitaji ya kVA 3 hivi, yani kama wati 3000, ni lidude zito, yani umenunua mashine ya kubeba halafu unabeba mbili.

Kijana wangu kamaliza VETA fani ya useremala, nataka nimnunulie mashine aanzie maisha. Mimi sio fundi, dukani niangalie nini?

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kumshika mkono kijana. Hili nalijibu kwa urefu maana wengi wananunua kwa rangi na jina.

Kwanza nenda naye, mkono wake ndo utakaotumia. Pili bebeni kipande cha mbao chenu, upana wa milimita 150 hivi, kilichorandwa na kunyooka pande zote mbili. Mashine ikiwa bado haijachomekwa, mwambie ashike mpini akisukume kichwa kushoto na kulia taratibu. Kidogo sana kitacheza, ni kawaida, ila kikiwa kinatikisika kama jino bovu rudisheni kwenye shelfu. Kama ni ya kuslaidi avute kichwa mpaka mwisho wa reli ajaribu tena, hapo ndo udhaifu unaonekana.

Halafu waombe wawashe. Mkate ile mbao katikati kwenye sifuri, chukua nusu moja uigeuze juu iwe chini, zisimamishe kwa ubavu juu ya meza iliyonyooka, uziunganishe pale pale zilipokatwa. Zikikutana bila mwanga kupita katikati, engo ni mraba. Ukiona mwanya juu au chini, kosa lipo na hapo linajionyesha mara mbili ya ukubwa wake, ndo maana kipimo hiki hakidanganyi hata mtu asiye fundi. Mwanya wenyewe sio mwisho wa dunia, unarekebishika kwa kulegeza ukingo wa nyuma, ule mbao inaouegemea, na kuupiga skwea. Cha kuogopa ni mashine iliyorekebishwa, mkaizungusha kwenda 45 mkairudisha sifuri, mkakata tena mkakuta imehama. Hiyo haishiki engo na hakuna fundi atakayeituliza.

Na kwa nini nakomaa na hili, mzee, ni hesabu. Fremu ya pembe nne ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii tu, kwa jicho huoni, mpaka unafunga kona ya mwisho umekusanya digrii nne. Kwenye mbao ya milimita 200 hiyo nusu digrii moja tu ni karibu milimita 2 za mwanya. Hawa vijana wanaofanya vibanda vya lodji vya pembe nane wanaielewa vizuri, kule kila mkato ni digrii 22.5 na iko kumi na sita.

Dukani mkisikia neno kompaundi, maana yake ni kwamba meza inazunguka na kichwa kinalala pia, unapata engo mbili kwa mkato mmoja. Nyingine kichwa kinalala kushoto tu, nyingine pande zote mbili. Kwa kuanzia upande mmoja unamtosha, ni nyepesi na bei iko chini, anachofanya ni kugeuza mbao.

La mwisho, kabla hamjalipa muulizeni muuzaji awaonyeshe kaboni za mashine hiyo hiyo, zishikeni mkononi. Duka lisilo na kaboni wala bledi za kitu linachouza linakuuzia mashine ya miezi kadhaa.

Nakata mninga kwa ajili ya vitanda na kabati, mkato unatoka na manyoya chini. Mashine ni mpya. Shida nini?

Dada, shida ni bledi iliyokuja nayo. Nyingi zinakuja na ya meno 24, 40 ikizidi sana, hizo ni za kenchi. Kwa bledi ya inchi 10 tafuta ya meno 60 mpaka 80 yenye kabaidi, ile ncha ngumu inayobandikwa kwenye meno, na uteremshe kichwa taratibu, uache bledi ifike spidi yake kwanza ndo iguse mbao. Weka kipande cha ubao chakavu nyuma na chini ya mninga wako, manyoya yatabaki kwenye hicho kipande.

Ila ukienda kununua chunguza tundu la katikati. Zipo za milimita 30, za 25.4 na za 16 hivi, zote zimeandikwa inchi 10, na muuzaji atakutolea tu ya juu. Angalia pia mwelekeo wa meno, bledi ya meza soo meno yake yameinama mbele sana, kwenye maita inaivuta mbao na kuirusha, unataka meno yaliyosimama wima au yaliyorudi nyuma kidogo. Na spidi iliyoandikwa kwenye bledi iwe juu ya spidi ya mashine, kamwe isiwe chini.

Na vaa barakoa, nakuomba. Vumbi la mbao IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, walishaliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, toka 1995. Kitambaa cha kujifunga usoni hakitoshi.

Naweza kutumia hiyo hiyo kwa madirisha ya alumini? Na chuma je?

Alumini ndio, ukiweka bledi ya alumini, meno mengi yaliyorudi nyuma, ukaibana profaili na klempu na ukapaka nta au mafuta kidogo. Usiishike kwa mkono hata kipande kikiwa kifupi, hasa kikiwa kifupi. Chuma hapana. Usifunge jiwe la kukatia chuma kwenye maita, spidi zake haziendani na cheche zitakutana na vumbi la mbao lililojaa ndani ya gadi, kile kifuniko cha bledi.

Saiti yetu ipo njia ya Longido, hakuna nguzo. Jenereta au mashine ya betri?

Kama unakata dari na skatingi, zile mbao za chini ya ukuta, betri. Makita DLS713 ya volti 18, bledi ya milimita 190, ni kilo 12 na nusu hivi na inaslaidi, unaiweka pale pale unapopigilia. Kama ni kenchi nzima betri zitakuchosha na zenyewe zinataka chaja, chaja inataka jenereta.

Kwenye jenereta usinunue kwa namba ya kwenye stika. Injini za petroli zisizo na tabo zinapoteza nguvu kadri unavyopanda, kama asilimia 3 kila mita 300, na Arusha mjini tuko mita 1,400, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshaondoka kabla hujavuta kamba. Kwa maita ya wati 1600 anzia kVA 3 kwenda juu, maana ikianza kuzunguka inakula zaidi ya hizo wati.

Na ekstensheni jamani. Ule waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 ukiwa mita 50 unakula karibu volti 20 mashine ikiwa kazini, mota inafanya kazi na njaa, inachemka, unaipeleka kwa msuka mota unasema ni feki. Chukua 2.5, na uukunjue wote kutoka kwenye riili, ukiwa umeviringwa unajichoma wenyewe.

Bosi anataka tutoe gadi ya bledi ili tuone mstari vizuri na kazi iende. Tufanyeje?

Msitoe. Gadi ikiwa chafu isafisheni na brashi na maji ya sabuni, mashine ikiwa imechomolewa, mtaona mstari. Mkono ukae sentimita 15 kutoka kwenye bledi muda wote, kipande kifupi kuliko hapo kishikwe na klempu. Ukimaliza mkato achia swichi, subiri bledi isimame kabisa chini ndo uinue, maana vidole vingi vinaondoka wakati mtu anaokota kipande huku bledi bado inazunguka. Mwambieni bosi mstari unaonekana vizuri zaidi kwa taa, taa ya kubana ya LED ifungeni juu ya ukingo, mkishusha kichwa kivuli cha bledi kinaangukia pale pale itakapokata.