Ruzuku ya gesi pamoja na mkopo wa SACCOS kurekebisha hewa ya nyumba: yaliyonikuta mimi Mtwara

Mkuu uliyeko Mnazi Mmoja ya Lindi, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema nyumba ina dari ya jipsam na madirisha ya aluminiamu, jiko liko ndani, mkaa ukikolea nyumba nzima mnatoka machozi, usiku joto halilaliki, na umesikia serikali inatoa ruzuku ya nishati safi halafu SACCOS yenu inakopesha, sasa unauliza kama vinaunganika umalize kazi yote kwa mpigo. Vinaunganika. Mi nimefanya hapa Mtwara, ila haviunganiki vile unavyowaza wewe, na mimi niliwaza hivyohivyo ikanitoka hela.

Ilikuwa hivi. Shemeji yangu yuko Kanada, akanisimulia kwao kulikuwa na mpango unaitwa Greener Homes, nyumba inakaguliwa kwanza, unafanya matengenezo kwa hela yako au kwa mkopo wa serikali usio na riba wa mpaka dola 40,000, ukimaliza wanakagua tena ndo unarudishiwa ruzuku, mpaka dola 5,000. Basi nikaibeba hiyo picha kama ilivyo, nikaenda SACCOS nikakopa milioni na laki tatu na nusu, nikanunua jiko, nikanunua mtungi wa kilo 15, nikatunza risiti zote kwenye kopo la maziwa nikisubiri serikali inirudishie. Wakuu mcheke tu. Lile kopo bado lipo juu ya kabati na risiti zimeshafifia hata maandishi hayasomeki.

Kwetu ruzuku haiji kama hela mkononi, inakaa kwenye bei. Ule mpango wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, wa 2024/25 mtungi wa kilo sita na kichomeo chake ulikuwa unauzwa nusu bei, unaenda na namba ya kitambulisho cha NIDA kwa muuzaji aliyepangiwa eneo lenu, unalipa nusu unabeba mtungi wako unaondoka. Ukishanunua dukani kwa bei kamili imekula kwako, hakuna pa kupeleka risiti. Halafu mitungi ilikuwa ya kuhesabu, kila wilaya ilipangiwa 3,255, kwahiyo gari likija hakuna cha kusema nitaenda kesho. Lilipokuja mtaani kwetu mimi jiko langu la bei kamili lilikuwa na wiki tatu tu, nimesimama mlangoni naangalia majirani wanapita na mitungi begani, na mimi riba yangu inahesabu.

Kingine, na hapa ndo watu wengi wanachanganya, ruzuku haigusi ukuta. Inashusha bei ya mtungi, ya jiko banifu, ya kuingiza umeme kijijini ile 27,000, ila tundu la hewa, dirisha, feni, fundi, saruji, hiyo yote ni juu yako. Kwahiyo mpangilio ni kwamba ruzuku inachukua chombo cha kupikia na mkopo unachukua ukuta. Ulizia ruzuku KWANZA, serikali ya mtaa na ofisi ya REA, wakikwambia kuna awamu inakuja subiri, upike hata nje chini ya mkorosho miezi miwili, halafu ndo ukope kile kilichobaki. Mimi ningefanya hivyo ningekopa laki nane tu.

Na wewe upo Mnazi Mmoja, REA na TPDC, lile shirika la mafuta na gesi la serikali, wana mradi wa kupeleka gesi asilia ya bomba majumbani huko kwenu. Mtaa wako ukiwa ndani ya mradi usikurupuke kununua mtungi mkubwa. Tena usikurupuke kutoboa ukuta, maana gesi ya mtungi na gesi ya bomba hazina tabia moja. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni kama maji, inajikusanya kwenye kona, kwahiyo lazima uwe na tundu chini kabisa karibu na sakafu. Ya bomba, hii yetu ya Mnazi Bay na Songo Songo, ni nyepesi, inapanda, tundu lake linatakiwa juu karibu na dari. Fundi wangu alikuwa anataka kuziba tundu la chini eti nyoka wataingia. Nikamwambia weka wavu wa chuma, nyoka namwona, gesi siioni. Akaweka akiwa amenuna. Wewe kama hujui utaishia na ipi toboa yote mawili, juu na chini, bei haizidi sana.

Mkaa nao usiuchukulie poa kwa sababu moshi umepungua. Mkaa uliokolea hautoi moshi lakini unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanaingiza jiko chumbani usiku wa mvua wanafunga madirisha asubuhi hawaamki. Mama yangu alikuwa anaingiza jiko chumbani kwake kukausha nguo za mjukuu, tumegombana sana juu ya hilo.

Sasa mkopo. Usiulize tu "riba asilimia ngapi", uliza inahesabiwaje. Mfano laki nane kwa miezi kumi kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi. Ikiwa riba inapigwa kwenye mkopo wote mwanzo mpaka mwisho utalipa riba 120,000. Ikiwa inapigwa kwenye deni lililobaki utalipa 66,000. Asilimia ni ileile, hela ni 54,000 tofauti, hapo ni dirisha dogo na hela ya fundi kulipachika. Mimi nilisaini bila kuuliza na ilikuwa ile ya kwanza, sitaji ni SACCOS gani maana bado ni mwanachama na viongozi wenyewe ni majirani. La pili ni miezi ya kulipa. Sisi wengine hela inaingia korosho zikishauzwa mnadani, yaani kuanzia Oktoba kuendelea, sasa ukikopa Januari kwa marejesho ya kila mwezi, ile Mei na Juni utauza hata kuku wanaotaga. Ongea nao upewe marejesho madogo miezi ya kiangazi na kubwa msimu wa korosho, wengine wanakubali kama AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, inawafahamu na hela yako inapita benki. Kausha damu, wale wa mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiwasogelee kabisa kwa kazi ya nyumba, nyumba haizai hela ya kurejesha kila wiki.

Mtu hapo juu kasema chukua mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi, ule wa wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, hauna riba. Kweli hauna riba, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, lakini ni wa kikundi na ni wa mradi, siyo wa kutengeneza jiko la nyumbani kwako. Kuna kikundi hapa jirani waligawana ile hela kila mtu akaenda kumalizia kwake, sasa hivi hawasalimiani. Ila kama kupika ndo biashara yenu ni suala jingine. Kuna mama lishe wanne na binti mmoja wameandika mradi wa banda la kupikia, limejengwa na dohani na matundu pande mbili, moshi unapita juu ya vichwa vya wateja, na hiyo ni halali kabisa.

Haya, ukuta wenyewe. Hapa nitakaa kidogo maana hela nyingi inapotea hapa.

Fundi wa kwanza niliyempata aliweka feni ya kunyonya hewa ukuta wa kusini, kwa sababu huko nyuma ndo hakuonekani barabarani. Machi mambo safi, feni inavuma, harufu ya samaki inatoka yote. Ikaingia kusi, ule upepo wa kusini. We unaijua kusi ya Juni, inakuja kutoka baharini haina breki. Vile vibati vya feni vinavyofunguka kutoa hewa vikawa vinapigapiga usiku kucha ta ta ta, na mchana nikikaanga moshi unafika kwenye feni unageuka unarudi mpaka sebuleni. Feni ya wati 40 inashindana na upepo wa bahari! Nikalipa tena kuziba lile tundu na kuihamishia ukuta wa magharibi, laki na ishirini hivihivi. Kwahiyo kabla hujatoboa washa kipande cha ubani, simama kila ukuta, angalia moshi unaelekea wapi, na kumbuka ule ni upepo wa mwezi huo tu. Kusi inakushika kuanzia kama Aprili, kaskazi inaanza Desemba mpaka Machi, na kaskazi ndo majira ya joto lenyewe. Madirisha ya kuingizia hewa ya usiku yaelekee kaskazini mashariki, na lazima kuwe na pa kutokea upande wa pili, dirisha moja peke yake hata liwe kubwa kama mlango hewa haiingii kama haina pa kutokea.

Madirisha yako ya aluminiamu yale ya kusukuma, pima. La mita moja na nusu linafunguka nusu yake tu, nusu nyingine ni kioo kimekaa palepale miaka yote. Mi la jikoni nililing'oa nikaweka la kufunguka lote, lile la zamani nikaliuza kwa jirani anayejenga, likapunguza gharama. Hilo badiliko moja limefanya kazi kuliko feni, naapa. Kama ningeanza upya ningeanza na dirisha na matundu ya juu, feni ningeinunua baadaye kama bado kuna haja.

Matundu ya juu fundi asikate lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kuna vijana wana grinda mkononi wanaona ukuta wote ni tofali tu. Akate kozi ya juu ya lenta, aweke matofali ya matundu, wavu wa mbu kwa ndani, na upande wa nje uwe na kimwinuko kidogo mvua isiingie. Yangu ni sita, matatu kila upande, na fundi alichukua siku mbili.

Kuhusu umeme mmoja aliandika feni itakumalizia LUKU. Wati 40 kwa saa tatu kwa siku ni uniti kama tatu na nusu kwa mwezi. Shida iko kama uko ile tarifu ya shilingi 100 kwa uniti ya watumiaji wadogo, mwisho wake uniti 75 kwa mwezi, ukiwa tayari upo 73 hizo tatu zitakuvusha. Wewe na friji lako sijui uko wapi, angalia risiti za nyuma.

Dari ya jipsam uliuliza kama uitoe. Usiitoe. Joto la usiku linatoka kwenye bati, linajikusanya kule juu ya dari, na ukiangalia vizuri utakuta fundi wako kaziba kote chini ya bati kwa mbao hewa haipiti. Fungua pande mbili, weka wavu popo wasiingie, ukae wiki moja usikilizie kabla hujakopa hata shilingi kwa ajili ya dari. Mimi hiyo ilinigharimu wavu tu na soda mbili za kijana wa jirani aliyepanda.

Mama sasa anapikia ndani, ila pweza bado anaenda kumchomea nje kwa kuni, anasema wa kwenye gesi ni kama wa kuchemsha. Picha za tundu la chini na lile dirisha nitaweka Jumapili nikitoka shamba Nanyamba, huku mtandao unapatikana ukipanda kichuguu.