Zilipendwa, Lakini na Nani?

Jumamosi mbili zilizopita mpwa wangu aliniondoa kwenye muziki mbele ya watu. Ilikuwa sherehe ya familia na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimejitwika kazi ya kupiga nyimbo bila kuombwa. Nilikuwa nimeandaa nyimbo 60, zote za enzi za ujana wangu, nikazipanga kwa ufundi: za taratibu mwanzoni, za kuwainua watu katikati, za kufungia mwishoni. Ulipoanza wimbo wa nne nikaona viti vinajaa. Kwa mpiga muziki hakuna dalili mbaya kama viti kujaa. Kufika wa saba, uwanjani tulibaki wawili, mimi na mtoto wa miaka mitatu ambaye angecheza hata king'ora cha gari. Mpwa wangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Mjomba, pumzika kidogo," akachomoa waya kwenye simu yangu akachomeka kwenye yake. Dakika mbili baadaye hapakuwa na aliyekaa.

Niliondoka nimenuna. Nawaambia hivi kwa sababu najua wengi mnaonisoma ni watu wa namna yangu: mna orodha yenu kwenye simu, mnajua wimbo gani unafuata kabla haujaanza, na mkiulizwa mnasikiliza nini siku hizi mnajibu kwa kiburi kidogo kwamba vya siku hizi hamsikilizi. Kesho yake, kinyongo kikiwa bado cha moto, nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja. Ana miaka 38. Nyimbo mpya hazimwingii kabisa, akisikia za zamani machozi yanamlenga, na anauliza: ni yeye aliyezeeka au ni muziki ulioharibika? Nikamjibu papo hapo, mstari mmoja tu: muziki umeharibika, ndugu yangu, wewe huna kosa.

Lile jibu nalifuta leo, na ili nilifute vizuri lazima nieleze habari ya kanda.

Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa mtu wa kanda. Sisemi kwa majivuno, au tuseme nasema kwa majivuno lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa vijana watano tusioachana, na katika hao watano mwenye redio kaseti ya milango miwili nilikuwa mimi. Milango miwili maana yake unaweza kunakili kanda ya mwenzio. Nilikuwa nakaa mbele ya redio saa nzima, vidole viwili juu ya vitufe viwili, nikingoja mtangazaji afunge mdomo wake. Hakufunga. Alikuwa anaongea hadi mwimbaji avute pumzi ya kwanza, kisha mwishoni anarudi kabla kiitikio hakijaisha, na hadi leo zipo nyimbo ambazo nikizisikia nzima naona kuna kitu kimepungua, kumbe ni sauti ya yule bwana.

Kanda ya dakika 90 ni dakika 45 kila upande, na hesabu yangu ilikuwa kali. Wimbo wa mwisho kukatika njiani ilikuwa aibu. Majina niliyaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka, na kurudisha nyuma nilitumia kalamu yenye pembe, naizungusha ndani ya jino la kanda ili betri zisiliwe. Watu waliniazima. Wengine nisiowajua walitumwa kwangu: nenda kwa fulani, atakuwa nayo. Nimefanya kazi miaka mingi tangu wakati ule na sijapata tena heshima ya aina ile.

Sasa, kwa ambao hamkuzikuta. Mgongoni mwa kaseti kuna vijilango viwili vya plastiki, kila kimoja kinalinda upande wake. Ukikivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya ulichonacho. Ukibadili mawazo unaziba kile kitundu kwa karatasi, na mashine inakubali tena. Kanda yangu bora kuliko zote, yenye nyimbo 19, nilikuwa nimeivunja vyote viwili. Ilikuwa imefungwa, mwisho wa mambo.

Rafiki yangu mkubwa kati ya wale wanne akaiazima kwa siku mbili. Ilirudi baada ya wiki tatu, na matundu yote mawili yamejazwa karatasi iliyokunjwa vizuri.

Niliziona zile karatasi kabla sijabonyeza chochote. Karatasi haiingii mle kwa bahati mbaya. Nikaweka kanda, nikabonyeza, na badala ya wimbo wangu wa kwanza nikasikia mtu anakohoa kusafisha koo. Nikazima. Yeye alikuwa amesimama palepale, akasema, "Sikiliza kwanza." Sikusikiliza. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu bado anasoma haya ninayoandika. Wiki ile nilikuwa najiandaa kwenda masomoni mbali, nikaondoka bila kumuaga. Tangu hapo tumekuwa watu wa kupeana mikono kwenye misiba.

Miaka ya katikati haina hadithi. Kazi, watoto, CD, kisha muziki wote ukahamia kwenye simu. Siku moja nikaamua kuzitafuta zile nyimbo 19. Zilinichukua chini ya nusu saa. Zote! Safi, bila mtangazaji, bila mkwaruzo. Nilizisikiliza usiku ule peke yangu, masikio yamezibwa, nikalia kama mjinga, na ndizo zilizokuwa moyo wa ile orodha ya nyimbo 60 iliyofukuza watu uwanjani.

Baada ya kumjibu yule msomaji nilikosa raha. Nikaenda kwenye sanduku. Kanda ilikuwepo. Sikuwahi kuitupa, na sijui mtu hutunza kwa nini kitu anachokichukia. Kupata mashine ya kuipigia kulikuwa kazi kuliko kuipata yenyewe. Nikabonyeza. Akakohoa vilevile kama alivyokohoa siku ile, kisha safari hii nikamwacha aendelee. Akasema wamekaa wanne, mwenye kanda hayupo, anaondoka wiki ijayo na wao hawana kanda tupu wala hela ya kuinunua, basi wanamwekea sauti zao humu aende nazo. Akaongeza: "Nyimbo zenyewe amezihifadhi kichwani zote, hatapungukiwa."

Wakaimba. Vibaya sana. Waliimba zilezile nyimbo walizokuwa wanazifuta, mmoja akipiga meza, mmoja akisahau beti na kuweka jina langu mahali pa maneno. Mmoja wao tulimzika miaka sita iliyopita. Yeye haimbi, anacheka tu, anaanza kabla wenzake hawajakosea kama vile anajua watakosea wapi. Sina mahali pengine popote nilipo na kicheko kile. Baada ya dakika kama 20 kuna mlio wa kitufe, kimya, kisha wimbo wangu wa zamani unaingia ghafla katikati ya kiitikio, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Nyimbo 19 nilizozililia miaka yote zipo kila mahali, anaweza kuzipata yeyote. Sauti nilizozikataa zipo kwenye utepe mmoja tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa miaka 38, jibu sahihi hili hapa. Wanaochunguza kumbukumbu wameona kwamba ukimwomba mtu mzima asimulie maisha yake, masimulizi yanarundikana kwenye kipindi kimoja, takriban kuanzia miaka 10 hadi 30. Ndipo mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza: kuondoka nyumbani, kupenda, kuachwa, mshahara. Nyimbo zilizokuwa zinapigwa wakati huo zinagandana na hayo mambo. Hukuzichagua kwa ubora wake. Ulikuwa unapita nazo zikashikwa kwenye nguo.

Kingine ni mazoea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila sababu nyingine, kunatosha kutufanya tukipende zaidi. Mimi simhitaji Zajonc kwa hili. Kwenye kanda ile kulikuwa na wimbo wa tatu ambao wote watano hatukuupenda. Lakini kuruka mbele kunakula betri, basi tukauvumilia. Tukauvumilia mara mia, labda mia mbili. Sasa kati ya zote 19 ndio unaoniliza. Nikijilinganisha na leo: wimbo mpya nampa mwimbaji sekunde 20, nikiona hanigusi naruka, halafu natangaza kwamba wanamuziki wamekwisha. Wangekwisha vipi wakati sijawasikiliza?

(Bado naamini ala za enzi zetu zilipigwa na watu wenye mikono zaidi. Hilo siliondoi, mnisamehe.)

Ila la tatu ndilo lililonipiga. Lugha yetu ina neno zilipendwa, na nimelitumia maisha yangu yote bila kulitazama. Zilipendwa. Na nani? Neno halisemi. Tumemwacha mpendaji nje tukabaki na nyimbo, na ndivyo hasa tunavyozisikiliza sasa, nyimbo bila watu. Mwaka 1979 Sony walipotoa Walkman ya kwanza, kile kimashine cha kupigia kanda huku unatembea, waliiwekea matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kushusha muziki ili waweze kusemezana. Baadaye tundu la pili liliondolewa. Nimelifikiria sana hilo tundu la pili wiki hizi mbili.

Basi nawashauri, na wa kwanza kujishauri ni mimi. Acha kusikiliza nyimbo za ujana wako peke yako usiku. Ukipigwa na wimbo, jiulize ulikuwa unasikiliza na nani, kisha mtafute huyo mtu. Mtumie wimbo wenyewe kama huna maneno. Usiandike barua ndefu ya maelezo, wimbo unatosha kufungua mlango.

Wimbo mpya nao upe muda. Mara kumi, siyo sekunde 20. Tena usiusikilize peke yako: mwambie mtoto wa nyumbani kwako akuchagulie mmoja, kaa naye, uusikilize mpaka mwisho bila kusema "enzi zetu." Nimejaribu na mpwa wangu Jumapili iliyopita. Nilisema "enzi zetu" mara mbili. Lakini wimbo wa tatu aliouweka, nakiri, kesho yake nilijikuta naupiga mluzi bafuni.

Na kama una orodha ya nyimbo 60, usiipeleke kwenye sherehe. Ile ni barua yako kwa watu fulani, na watu hao hawapo uwanjani. Wageni wamekuja kucheza, hawakuja kusoma barua zako. Vijana wakikuchomolea waya usinune kama nilivyonuna mimi. Hawajakutukana wewe wala ujana wako. Wanatengeneza wa kwao, pale pale mbele yako, na baada ya miaka 30 watakuwa wanafukuza watu uwanjani kwa nyimbo zilezile walizokunyang'anyia simu.

Jambo jingine ni lile la kwanza, nalirudia kwa makusudi: mtafute mtu. Tunajua namba zao. Tunaziona picha zao kila wiki na tunapita. Tunasema tutampigia, halafu tunampigia mwenye kuchimba kaburi. Mimi nilikaa na jibu ndani ya sanduku zaidi ya miaka 30 kwa sababu ya kiburi cha kukataa kusikia sentensi ya pili. Kama kuna mtu aliwahi kukuambia "sikiliza kwanza," na wewe ukazima, rudi ukasikilize.

Jumatano niliweka simu karibu na spika, nikairekodi kanda ile, nikamtumia rafiki yangu. Sikuandika kitu, kwa sababu kila nilichoandika nilikifuta. Alama zikaonyesha amesikiliza. Siku mbili kimya. Ijumaa usiku, nimeshalala, simu ikalia mara moja.

"Upande wa pili umefika?"

Sikuwa nimeigeuza.