Barua 41 za Maombi, na Nilichojifunza Nilipoanza Kusoma za Wengine

Baada ya kumaliza shahada ya uzamivu niliandika barua 41 za kuomba kazi ya utafiti au ya kufundisha chuo kikuu. Zilinichukua miezi kumi na minne. Naijua idadi kwa sababu niliziweka zote kwenye jedwali: jina la taasisi, tarehe ya kutuma, tarehe ya jibu, matokeo. Safu ya matokeo ilijaa "hapana", na visanduku vingi vilibaki vitupu, maana taasisi nyingi hazijibu kabisa. Barua ya 41 ndiyo iliyonipa mkataba wa miaka miwili.

Miaka kadhaa baadaye nikateuliwa kuingia kwenye kamati ya ajira. Nafasi ilikuwa moja, maombi zaidi ya mia. Nilikaa nayo siku mbili nzima, na hata hivyo kila faili lilipata dakika tano tu katika mzunguko wa kwanza. Nilipofika kama faili la ishirini nilisimama, nikafungua barua zangu za zamani na kuzisoma kwa macho yale yale. Nyingi ningeziweka pembeni. Lugha yake ilikuwa safi na kila neno lilikuwa la kweli. Zilieleza kwa uaminifu nilichokisoma tangu shahada ya kwanza hadi ya tatu, lakini hazikusema nikifika pale nitafanya nini.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote. Idara haimwajiri mtu ili kumtuza kwa tasnifu aliyoandika. Inaajiri kwa sababu ina pengo: mhadhiri wa takwimu amestaafu, au ruzuku imeingia na hakuna wa kuchakata data, au wanafunzi wa uzamili wameongezeka na wasimamizi hawatoshi. Tangazo la kazi limeandikwa na watu wenye pengo hilo mbele yao. Lisome mara tatu au nne mpaka ulione, kisha uandike barua inayolijibu.

Matangazo mengi, hasa ya Uingereza, hugawa sifa katika mafungu mawili: za lazima na zinazopendelewa. Wajumbe hukaa na fomu yenye sifa hizo na kumpa alama kila mwombaji, moja baada ya nyingine. Kama tangazo linataka "uzoefu wa kusimamia wanafunzi" na wewe umesimamia wawili wa shahada ya kwanza lakini hukuandika, mjumbe hana ruhusa ya kukisia. Unapata sifuri kwenye mstari ule. Tangu nijue hivyo, naandika barua nikiwa na orodha ya sifa pembeni, na siitumi kabla ya kuweka alama ya tiki kwenye kila sifa ya lazima.

Nikupe mfano wangu. Fani yangu ni usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Barua zangu za mwanzo zilianza hivi: "Tasnifu yangu ilichunguza usugu wa bakteria katika sampuli za hospitali, na nilitumia mbinu za maabara pamoja na uchambuzi wa vinasaba." Sentensi hiyo ingeweza kwenda popote, na kweli niliipeleka kila mahali. Barua ya 41 ilianza namna nyingine. Nilikuwa nimesoma makala tatu za maabara ile, nikaona kwamba walikusanya sampuli kwa miaka mingi lakini sehemu tu ndiyo iliyosomwa vinasaba. Nikaandika kwamba nimekwisha kuunda utaratibu wa kuchambua data za aina hiyo, kwamba naweza kuutumia kwa sampuli zilizobaki, na kwamba katika miezi sita ya kwanza ningelenga swali moja, nikalitaja. Aya tatu fupi. Shahada zangu zilikuja baadaye, kwa mstari mmoja, kwa kuwa wasifu ulikuwa umeambatishwa.

Barua ile haikuzuka hewani. Miezi miwili kabla ya tangazo kutoka nilikuwa nimemwandikia mkuu wa maabara barua pepe. Nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu mara nyingi huanza hivyo: mtu amepata ruzuku au anaiandika, na anatafuta wa kufanya naye kazi hata kabla idara ya utumishi haijatangaza. Barua pepe ya namna hii iwe fupi, ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa njiani. Taja kazi yake moja mahususi na swali lililokujia ulipoisoma, sema wewe unaweza nini, kisha uulize kama anatarajia nafasi au kama yuko tayari kukudhamini katika maombi ya ufadhili. Ambatisha wasifu. Usimwite "Profesa Mheshimiwa" bila jina, kwa sababu hapo anajua mara moja kwamba barua hiyo imetumwa kwa watu hamsini. Mimi niliandika kumi na moja za namna hiyo nikajibiwa na watu watatu. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, halafu mwache.

Hilo la kudhaminiwa lina uzito wake, kwa maana ufadhili mwingi wa watafiti wachanga huombwa na mtafiti pamoja na mwenyeji, yaani mkuu wa maabara au idara atakayempokea. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya ni mmojawapo. Una sharti ambalo huwaondoa watu wengi wasiolisoma mapema: usiwe umeishi au kufanya kazi kuu katika nchi unayotaka kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho wa maombi. Mtu aliyesomea uzamivu nchini humo na bado anaishi huko hujikuta nje bila kosa lolote. Soma masharti kwanza, kabla hujatumia wiki sita kuandika pendekezo.

Kuhusu mahali pa kutafuta nitasema kwa ufupi, maana hapo si pagumu. EURAXESS ina nafasi za Ulaya na haitozi mwombaji chochote. jobs.ac.uk inabeba zaidi za Uingereza. Nature Careers na Science Careers ni za sayansi kwa upana. Wanahisabati wana MathJobs, wanauchumi wana orodha ya chama chao cha Marekani iitwayo JOE. Weka arifa kwa maneno ya fani yako, na usitafute kila siku kwa mkono, utachoka bure.

Cha kuzingatia zaidi ni majira. Nafasi za uhadhiri Amerika ya Kaskazini hutangazwa kwa wingi kati ya Agosti na Novemba, usaili hufanyika majira ya baridi hadi mwanzo wa machipuo, na kazi huanza mwaka wa masomo unaofuata. Anayeanza kutafuta mwezi wa Machi baada ya kutetea tasnifu anakuta soko limefungwa. Nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu hutokea mwaka mzima. Kwa vyovyote, anza mwaka mmoja kabla ya kumaliza, hata kama sura mbili za tasnifu bado zinakutesa.

Sasa wadhamini, yaani wale watakaokuandikia barua za kukupendekeza. Hapa niliumia. Kwa mwaka mzima nilimtaja mtu mmoja mwenye jina kubwa katika fani yangu, nikidhani jina lake litanibeba. Baadaye sana mjumbe wa kamati fulani aliniambia kwa huruma kwamba barua ya mtu huyo ilikuwa na mistari minne, haikutaja utafiti wangu hata kidogo, na iliwafanya wajiulize kama tunafahamiana. Alikuwa amenifundisha kozi moja tu, na alikubali kwa sababu niliomba. Sikumuuliza swali lililopasa: "Je, unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Ukiuliza hivyo, anayesita atakuonyesha kwamba anasita, na utamtafuta mwingine bila ugomvi. Afadhali mhadhiri asiyejulikana sana aliyekuona maabara usiku wa manane kuliko profesa mashuhuri anayelijua jina lako tu.

Akikubali, mpe muda wa wiki tatu au nne, tangazo, wasifu, rasimu ya barua yako, na mambo matatu unayotaka ayaguse. Mtu mmoja azungumzie ufundishaji wako, mwingine utafiti, wa tatu awe kutoka nje ya taasisi yako ikiwezekana. Na ukipata kazi au ukiikosa, mjulishe. Watu husahau kufanya hivyo.

Machapisho. Hapa sitakudanganya, wajumbe huyahesabu. Kipimo cha h, namba inayounganisha wingi wa makala za mtafiti na mara zilivyonukuliwa na wengine, kilichobuniwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, bado hutajwa kwenye vikao, ingawa Azimio la San Francisco la mwaka 2012, maarufu kama DORA, liliwataka waajiri waache kumpima mtafiti kwa umaarufu wa jarida alimochapisha na waisome kazi yenyewe. Taasisi nyingi zimelisaini, na baadhi sasa huomba wasifu wa masimulizi, ambamo unaeleza kwa maneno kazi zako chache zilibadilisha nini. Nikiwa kwenye kamati, makala mbili ambazo mwombaji angeweza kueleza mchango wake ndani yake zilinishawishi kuliko kumi alizomo katikati ya majina ishirini. Kwa hiyo, chini ya kila makala yenye waandishi wengi, andika nusu mstari: ulifanya nini humo. Kama makala haijapitishwa na jarida, iweke kwenye hifadhi ya rasimu za kisayansi, arXiv au bioRxiv kulingana na fani, ili kamati iweze kuisoma leo. Jisajili ORCID pia; ni bure, na namba yake ya tarakimu 16 inakutofautisha na wenye jina kama lako.

Nakuomba sana usikimbilie majarida yanayokuandikia yenyewe kwa sifa nyingi, yanayoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja, kisha yanatoza ada. Nimeona faili la kijana mwenye uwezo wa kweli likishuka kwa sababu makala zake nne kati ya sita zilikuwa katika majarida ya aina hiyo. Tulijadili kwa dakika nyingi kama ni haki kumhukumu, huenda hakuwa na wa kumwongoza. Hakuitwa. Sijasahau.

Ukiitwa kwenye usaili, utaombwa kutoa mhadhara, na hapo wengi huanguka kwa kuzungumza na mtu mmoja tu ukumbini, yule wa fani yao. Wanaopiga kura wengi hawaijui fani yako. Dakika kumi za kwanza ziwe za mwanafunzi wa mwaka wa tatu: tatizo ni nini, kwa nini halijatatuliwa, wewe umelishika upande gani. Ufundi wenyewe uweke katikati, nao usizidi nusu ya muda. Malizia kwa mipango. Baadhi ya idara, hasa za Marekani katika sayansi za viumbe, hukupa pia kikao cha ubaoni bila slaidi, ambamo unachora mpango wako wa utafiti huku wakikukatiza kwa maswali. Kifanyie mazoezi mbele ya watu wakali watakaokukatiza kweli.

Swali lililonishinda mara mbili ni hili: "Kazi yako inatofautianaje na ya msimamizi wako?" Mara ya kwanza nilijibu kwa kumsifu msimamizi. Mara ya pili niliyumba. Walitaka kujua kama naweza kusimama peke yangu. Andaa jibu la sentensi mbili: yeye anatafuta hiki, mimi ninatafuta kile, na tumekubaliana nitaondoka na sehemu hii ya kazi. Hayo makubaliano na msimamizi yawepo kweli, myazungumze kabla hujaanza kuomba kazi.

Mkataba ukija, utakuwa na furaha, na furaha hiyo inaharakisha mkono. Mimi nilisaini ule wa kwanza ndani ya saa moja. Baada ya miezi mitatu nikagundua kwamba fungu la vitendanishi, yaani kemikali za kufanyia majaribio, lilikuwa limekwisha kabla sijafika, na sehemu kubwa ya mwaka wangu wa kwanza ilipita nikisubiri ruzuku nyingine. Hakuna aliyenidanganya, sikuuliza tu. Uliza pia kuhusu mipaka ya muda. Ujerumani, kwa mfano, sheria ya mikataba ya muda katika sayansi kwa kawaida inaruhusu hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake; anayeingia bila kujua saa inahesabu anashtuka baadaye. Marekani, uamuzi wa ajira ya kudumu huja kwa kawaida kama mwaka wa 6 wa uhadhiri, na vigezo vyake unapaswa kuviona kwa maandishi mapema.

Kwa mkataba wangu wa pili niliomba wiki moja ya kufikiri, nikatuma maswali matano: fedha za utafiti zipo kiasi gani na hadi lini, nitafundisha saa ngapi kwa muhula, nani anamiliki data nitakazokusanya, gharama za kuhama zinalipwa kabla au baada, na mkataba ukiisha nini kinafuata. Nilihofia wataniona msumbufu. Mkuu wa idara alijibu yote siku iliyofuata, na katika jibu la swali la kwanza akaongeza fedha ambazo sikuwa nimeziomba.